Hori Rahisi la Mzee Mwaisaka

Hapo zamani, na mtu asiniulize zamani ya mwaka gani, maana hadithi hii ina tairi la trekta na ina mashine ya kuchomelea, basi pimeni wenyewe. Hapo zamani, juu kwenye baridi ya Unyakyusa, palikuwa na mzee mmoja akiitwa Mwaisaka. Mzee huyu alikuwa na ng'ombe wachache na maneno machache. Ng'ombe wake aliwatunza vizuri. Maneno aliyatoa kwa ubahili, na ubahili huo ndio uliozaa kesi ninayotaka mniamulie.

Ng'ombe wake mkubwa aliitwa Bwanyenye. Hakuonewa, jina lilikuwa lake kabisa. Ukimwekea majani makavu, kwanza ananusa kama mama anayechagua dagaa sokoni. Akiridhika, anavuta kinywa tele. Akishavuta, anarudi nyuma. Akirudi nyuma, anatikisa kichwa. Akitikisa kichwa, nusu inaingia mdomoni na nusu inaruka. Iliyoruka ikianguka chini, anaikanyaga. Akishaikanyaga, anaikojolea. Akishaikojolea, anaikataa, na anakugeukia akikutazama kama vile wewe ndiye uliyeikojolea. Na wenzake zizini, kwa kuwa mkubwa kafanya, nao wakafanya.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Majani ya mabingobingo yakakauka yakawa vijiti vya kuwashia moto. Mzee Mwaisaka akanunua majani makavu kutoka bondeni, yamefungwa marobota, akayapanga ghalani mpaka yakagusa bati. Hesabu yake ilikuwa moja tu: yakifika hadi mvua, ng'ombe wamepona, yakiisha kabla, ng'ombe watamfuata mchinjaji, na Bwanyenye mwenyewe ana mimba. Lakini kila robota lililoingia zizini, nusu ilikwenda tumboni na nusu ikaenda chini ya kwato.

Basi asubuhi moja mzee akaenda kituo cha maziwa, mahali wanapokutana watu wote wenye ndoo na wote wenye midomo. Akasimama, akasema, "Nataka hori rahisi. Atakayenipatia hori rahisi, ndama aliye tumboni mwa Bwanyenye ni wake." Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Hakuna aliyemwuliza rahisi gani. Ninyi mngeuliza? Msinidanganye, naziona nyuso zenu. Mngekimbia kama walivyokimbia wao.

Wa kwanza kukimbia alikuwa Ambakisye, fundi wa kuchomelea. Ambakisye alisikia "hori rahisi" akajiambia: mzee anataka hori lisilo na taabu, ulijaze mara moja ukakae kivulini. Alikuwa hana chuma. Akatazama huku, akatazama kule, akatazama madirisha ya nyumba yake mwenyewe, akang'oa nondo.

Mkewe akatoka mbio. "Baba Tumsifu, unafanya nini? Wezi je?"

"Wezi waje waibe nini? Kitu cha maana humu ndani kilikuwa nondo, na nondo nimeshazitoa."

Akachomelea kutwa. Likatoka hori refu la chuma, miguu minne, juu kama kapu kubwa la fito, limepakwa rangi ya buluu. Fito aliziachanisha sana kwa sababu nondo hazikutosha, lakini hilo hakulisema. Akalipeleka zizini kwa Mzee Mwaisaka, akalijaza majani, akajipangusa mikono. "Hili ukilijaza asubuhi, hulishiki tena mpaka jioni. Hiyo ndiyo rahisi."

Ng'ombe wakainua vichwa. Wakavuta kutoka juu. Wakivuta, majani yananyesha. Yananyesha masikioni, yananyesha mgongoni, yananyesha chini. Bwanyenye akazunguka zizi zima na majani yamening'inia kwenye pembe zake kama bi harusi aliyesahau kuvua shela. Kufika jioni, sakafu ilikuwa imekula kuliko ng'ombe.

Wa pili alikuwa Lugano, fundi wa pancha pale barabarani. Lugano alisikia "hori rahisi" akajiambia: mzee anataka hori la bei ya chini, na bei ya chini kuliko zote ni bure. Alikuwa na tairi kuukuu la trekta, tairi ambalo wateja wake walikalia wakisubiri kuzibiwa. Akalibingirisha kupanda mlima, akiapa njia nzima kwamba halitamrudia kichwani, na mara mbili likamrudia. Akalilaza zizini, akalijaza majani. "Hili halijamgharimu mtu kitu. Hiyo ndiyo rahisi."

Na kwa kweli ng'ombe walilipenda. Waliinamisha vichwa kama wako malishoni, wakala kwa utulivu. Lugano akaanza kutabasamu. Bwanyenye naye, baada ya kula kidogo, akainua mguu mmoja akauweka ndani. Akainua wa pili. Akajizungusha, akajikunja, akalala ndani ya chakula, akafumba macho.

Mzee Mwaisaka akatazama la chuma, akatazama la mpira. Akasema, "Siyo rahisi." Akaingia ndani.

"Langu ni rahisi!" akasema Ambakisye.

"Rahisi nini, nyumba yako nzima imo humo! Langu ndilo rahisi!"

"Rahisi gani hiyo ya kugeuka kitanda?"

Wakagombana mpaka barabarani. Hori la chuma likaachwa kwenye kona ya zizi, kichwa chini miguu juu, limeegemezwa nguzo, likimsubiri mwenyewe aje alichukue. Tairi likabaki lilipolala, karibu na kona hiyo, maana Lugano hakuwa na hamu ya kulibingirisha tena.

Sasa nawaleteeni wa tatu, na huyu ndiye aliyeniharibia usingizi.

Mwana wa Mzee Mwaisaka alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya chai, jina lake Lwitiko. Mkewe aliitwa Sekela, na Sekela ndiye aliyewalisha ng'ombe hao asubuhi na jioni. Yeye ndiye aliyefagia yale yaliyokojolewa. Lakini kwa mzee hakuweza kusema lolote, kwa sababu huko kwao, enzi hizo, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Siyo ugomvi, ni heshima. Akisikia baba mkwe anakuja, mkamwana anajibanza, anajifunika, anapita nyuma ya migomba. Na baba mkwe mwenye adabu hukohoa kabla ya kupinda kona, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupotea. Mzee Mwaisaka alikuwa na adabu sana, hakuna kona aliyopinda bila kukohoa.

Tatizo lilikuja siku aliyoshikwa na mafua.

Asubuhi hiyo mzee akakohoa. Sekela akaacha ufagio, akakimbilia migombani. Hakuna mtu. Akarudi. Mzee akakohoa. Sekela akaacha ndoo, akakimbilia migombani. Hakuna mtu. Akarudi. Mzee akakohoa, Sekela akakimbia, na mzee wa watu yuko kitandani hata blanketi hajafunua. Saa nne Sekela alikuwa amechoka kuliko Lugano na tairi lake. Akasema, "Haya sasa ni mafua. Sikimbii tena."

Akaingia zizini, akajaza majani kwenye tairi. Nje, mtu akakohoa. "Mafua," akasema Sekela. Akakohoa tena, karibu. "Mafua hayo." Mara akaona ncha ya fimbo mlangoni, na nyuma ya ncha ya fimbo, kiatu.

Mlango ulikuwa mmoja. Migomba ilikuwa upande wa pili wa kiatu. Sekela alifanya alichoweza: akajitupa ndani ya tairi, akajifukia kwenye majani. Na katika kujitupa, mguu wake ukaligonga lile hori la chuma. Likayumba, likateleza kutoka kwenye nguzo, likaanguka kichwa chini miguu juu, puu, likamfunika yeye pamoja na tairi kama tenga linavyofunika kuku. Fito zikapinda zote upande mmoja.

Mzee akageuka haraka, akaupa mgongo mkasa mzima. Kumtazama hawezi. Kumsemesha hawezi. Kumnyanyulia chuma, akamshike mkono, ndiyo kabisa. Akapaza sauti kumwita mkewe, Bi Tupokigwe, lakini Bi Tupokigwe alikuwa kisimani. Akafikiri. Kisha akasema, akitazama ukuta:

"Bwanyenye, mwambie huyo aliyemo humo asiogope. Mama yake mkwe anakuja."

Kutoka chini ya majani ikatoka sauti ndogo. "Bwanyenye, mwambie mwenye nyumba mimi ni mzima. Na wewe mwenyewe nakuomba, hizo ni nywele zangu."

Bwanyenye hakumwambia mtu chochote. Alikuwa anakula.

Na wenzake nao wakaja wakala. Kila mmoja akapenyeza kichwa kati ya fito mbili. Kwa kuwa fito zilikuwa zimepinda, kuingiza kichwa ilikuwa sawa, lakini kukitoa ilibidi kupinda shingo, na ng'ombe akishaona chakula hana haja ya kujisumbua. Wakabaki vichwa ndani. Wakatafuna ndani. Kilichodondoka kikarudi ndani ya tairi, kwa mlaji yuleyule au kwa jirani yake. Kutupa nyuma hawakuweza. Kupanda walale hawakuweza. Sekela aliyaona yote hayo toka chini, taya kwa taya. Mzee Mwaisaka hakuona kitu, ila alisikia kutafuna tu, bila ile sauti ya majani kukanyagwa.

Bi Tupokigwe alipofika, akaweka ndoo chini, akatazama: mumewe anahutubia ukuta, mkamwana yuko chini ya chuma, ng'ombe wanakula wakimzunguka kama kwenye karamu ya ubarikio kanisani. Akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka, akamfukuza mzee, akamnyanyulia Sekela chuma, na Sekela akatoka mbio, majani kichwani, aibu usoni, mpaka jikoni. Huko jikoni akavuta pumzi, akasema, "Mama, wasilitenganishe. Lirudishwe vilevile lilivyoanguka."

"Mwanangu, umegongwa kichwa?"

"Lirudishwe, mama. Nitalifunga kwa katani lisitikisike."

Likarudishwa. Akalifunga. Tangu siku hiyo sakafu ya zizi ikawa safi, Sekela akafagia mavi tu kama wafagiavyo watu wengine. Robota lililokuwa linaisha siku moja likaenda siku mbili. Mvua zikachelewa, majirani wakauza ng'ombe, lakini kwa Mzee Mwaisaka hakuna ng'ombe aliyefuata mchinjaji. Matone ya kwanza yalipopiga bati, ghalani bado kulikuwa na majani. Na wiki hiyohiyo Bwanyenye akazaa. Akazaa jike, lenye baka jeupe kwenye paji la uso, zuri mpaka watu wakapunguza sauti.

Sauti hazikukaa chini muda mrefu. Ambakisye akaja, Lugano akaja. Mzee Mwaisaka akatoka na kigoda, akakaa uani, ndama amefungwa kamba mpya karibu yake. Majirani wakajaa. Sekela akawa nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sababu baba mkwe yuko uani, na Bi Tupokigwe akasimama mlangoni pa jiko kuwa mdomo wake.

Ambakisye akaanza. "Mzee wangu, ng'ombe wako walikuwa wanatupa, sasa hawatupi. Kinachowazuia ni nini? Ni fito. Fito ni za nani? Ni zangu. Nyumbani kwangu madirisha yamezibwa kwa magunia, mke wangu analala na panga chini ya mto, na juzi nilipoamka kwenda msalani kidogo aniite mwizi. Nani mwingine hapa ameweka nyumba yake ndani ya hori lako? Hori linajazwa mara moja, halina taabu. Ndiyo rahisi uliyoitaka. Ndama ni wangu."

Lugano akarukia. "Chuma chako kikiwa peke yake kiliwavisha ng'ombe shela! Mzee, kinachopokea majani yasiguse uchafu ni nini? Ni tairi. Kinachowafanya wale vichwa chini kama malishoni ni nini? Ni tairi. Nimelileta bure, nikalibingirisha mlima mzima. Na mimi, nisiwafiche, nimebakiza kulipa ng'ombe mmoja wa mahari. Mmoja tu. Baba wa binti kasema mvua hizi zikipita sijaleta, anamwoza kwa mwalimu. Bei ya chini kuliko bure haipo. Ndiyo rahisi uliyoitaka. Ndama ni wangu."

Watu wakamgeukia Mzee Mwaisaka. "Mzee, kwani ulimaanisha rahisi gani?"

Mzee akafikiri sana. "Nilimaanisha rahisi," akasema.

Bi Tupokigwe akashusha pumzi ya mtu aliyeishi na jibu kama hilo tangu ujana wake. Kisha akasikiliza nyuma ya ukuta, akasema, "Mwanangu anasema naye anaomba."

"Sikusema naomba, mama," ikatoka sauti ukutani. "Nimesema nadai."

Bi Tupokigwe akawageukia watu. "Anasema anadai."

"Mama, waambie chuma sikidai, si changu. Tairi silidai, si langu. Lakini chuma kilikuwa kwenye kona na tairi lilikuwa kitanda cha Bwanyenye, mpaka nilipokuwa chini ya chuma hicho. Na nilipotolewa ningeweza kukimbia na aibu yangu nikanyamaza. Wangekuja jioni, mwenye chuma abebe chuma, mwenye tairi abebe tairi. Mimi ndiye niliyesema liachwe. Mimi ndiye niliyelifunga."

"Kuanguka siyo ufundi!" akasema Lugano. "Nikidondoka toka mparachichi wa jirani, maparachichi yanakuwa yangu?"

"Mama, mwulize shemeji, yeye tairi alilileta ng'ombe wale au walale?"

Watu wakacheka, Lugano akakaa. Sekela hakucheka. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imebadilika, na Bi Tupokigwe hakuirudia, aliiacha ipite yenyewe.

"Tangu niolewe hapa nawalisha ng'ombe hawa. Nawajua kwa pumzi zao. Wakiugua mimi ndiye nalala hapo nje. Lakini katika zizi lote hilo hakuna hata kwato moja ninayoweza kusema ni yangu. Huyo mmoja nimempata kwa kichwa changu mwenyewe. Namtaka."

Mzee Mwaisaka alikuwa anatazama ardhi. Akasema, "Na mimi je? Bila mafua yangu..."

"Wewe nyamaza," akasema mkewe.

Ndipo Ambakisye akainuka taratibu, na neno lake lilikuwa zito. "Sawa, tuseme ni wa mkamwana. Tunajua wote ng'ombe anavyotolewa hapa kwetu. Hatolewi kwa maneno. Anayetoa anashika kamba, anayepokea ananyoosha mkono, wanatazamana machoni, na mashahidi wanaona. Bila hivyo, kesho mtu yeyote anaweza kusema hakutolewa. Mzee, utamkabidhije usiyeweza kumtazama?"

Watu wakanong'ona. Mmoja akasema apokee Lwitiko, mumewe.

"Lwitiko hakuwemo ndani ya tairi," ikasema sauti ya ukutani.

Mwingine akasema apokee Bi Tupokigwe. Lugano akaruka tena. "Akipokea mke wa Mzee, ndama katoka wapi kaenda wapi? Si amebaki palepale? Hiyo ahadi ya kituo cha maziwa ilikuwa mchezo?" Na hata waliomchukia Lugano wakaona hapo kasema kweli. Bi Tupokigwe mwenyewe akatikisa kichwa, akasogea pembeni ya mlango.

Mzee Mwaisaka akainuka kwenye kigoda. Akafungua kamba ya ndama, akaizungusha mkononi. Mbele yake Ambakisye akanyoosha mkono, mkono wenye alama za moto wa kuchomelea. Kando yake Lugano akanyoosha mkono, mweusi kwa mpira. Na kwenye mlango wa jiko, mahali Bi Tupokigwe alipokuwa amesimama, ukatoka mkono wa tatu. Mkono tu. Uso ulibaki nyuma ya ukuta. Vidole vimekwaruzwa na majani makavu, na havikurudi ndani.

Akimpa Ambakisye, heshima imebaki na chuma kimelipwa. Akimpa Lugano, heshima imebaki na harusi ipo. Akiuelekea ule mkono wa tatu, lazima ainue macho, na kijiji kizima kinatazama.

Wewe uliyenyoosha kidole kabla sijamaliza, kishushe, fikiri kwanza. Wewe unayesema wagawane, ndama mmoja utamkata wapi? Na wewe mama unayefuta macho, sema kwa sauti, tusikie. Kamba iko mkononi mwa mzee, na mikono mitatu inasubiri. Je, kamba ile ilistahili kuingia mkono wa nani?